Kumwosha Zuhura kwa Maneno

Ijumaa, baada ya Magharibi. Mvua imenyesha mchana kutwa na majamvi yananuka unyevu. Wageni wameondoka, mama amelala.

Leo tumemsomea dada yangu hitima.

Zuhura alifia Arabuni wiki iliyopita, katika nyumba aliyokuwa akifanya kazi. Mfanyakazi mwenzake ndiye aliyetupigia simu: alilala, hakuamka. Tulipopata habari alikuwa ameshazikwa huko huko, katika kaburi ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitupia udongo.

Mama alikataa. Hakupiga kelele, hakulia, alikataa tu. Hakutaka majamvi yatandikwe. Majirani wa kichochoro chetu, hapa nyuma ya Ndia Kuu, walipokuja kumpa mkono wa pole, aliificha mikono yake ndani ya leso.

"Pole ya nini?" aliwauliza.

Simu yake haikutoka kwenye chaji. Alikuwa akingoja mwanawe apige, aseme walikosea mtu.

Ami Salim, ndugu wa baba na mkubwa wetu tangu baba atutoke, alishindwa kungoja zaidi. Akaamua kuwa leo Zuhura ataswaliwa swala ya ghaibu msikitini, na wanawake watasoma hitima nyumbani. Mama akaingia chumbani akarudisha mlango.

Nakiri nilikuwa upande wa mama. Asubuhi nikipanga mabirika nilijiuliza, kuna faida gani? Kumswalia maiti ambaye hayupo, kumsomea mtu asiyesikia, kupika wali wa watu wote hawa juu ya msiba wetu. Kwa nini binadamu tusihuzunike kimya kimya tu, kila mtu na lake?

Bi Nuru alifika wanawake wenzake wakiwa wameshaanza kusoma. Yeye ndiye aoshaye maiti wa kike mtaani kwetu. Hata bibi yetu aliyemwosha ni yeye. Hakubisha hodi. Aliingia chumbani, akakaa sakafuni kando ya kitanda cha mama. Mimi nilibaki mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi.

"Mwataka nilie," mama alisema bila kumtazama. "Nimlilie nani? Sikumwosha mwanangu. Sikumvisha sanda. Sikumwona akitolewa mlangoni."

Nilitarajia yale maneno ya subira tuliyoyasikia wiki nzima. Bi Nuru hakusema hata moja.

"Ungemwosha vipi?" aliuliza.

Mama akasema angeyapasha maji moto kwanza, maana Zuhura alichukia maji ya baridi.

"Haya, maji yako tayari. Kisha?"

Angemtia udhu. Angemwosha kichwa, kisha upande wa kulia, taratibu, goti lile lina kovu la kuanguka ngazini. Kisha wa kushoto. Kila mama aliposita, Bi Nuru alimwambia kinachofuata, kwa sauti ile ile anayowaelekezea wanaomsaidia kazi: sasa maji ya kafuri, Mama Zuhura. Mfute. Nywele tuzigawe mafungu matatu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka Zuhura. Nilitaka kuwaambia wasizikaze, zilikuwa zikimuumiza kichwa.

Wakafika kwenye sanda. Mama alizitaja nguo moja moja. Halafu akasema, "Namfunika uso," na mikono yake ikafanya hivyo juu ya shuka tupu.

Hapo ndipo alipolia.

Kilio kile sijapata kukisikia. Ukumbini wanawake walisita, kisha wakaendelea kusoma, sauti zikapanda kidogo, kama watu wanaomsitiri mwenzao aliyeanguka njiani. Bi Nuru hakumwambia anyamaze. Alimshika tu.

Baadaye mama alitoka akakaa jamvini. Kila aliyekuja aliupata mkono wake. Ami Salim aliporudi na kumwambia kuwa safu zilijaa mpaka barazani, aliitikia, "Alhamdulillahi," na akala matonge machache ya wali.

Sijui kama yaliyosomwa yamemfikia Zuhura. Wajuao dini huenda wakanikemea kwa kuandika hivi. Lakini lile swali la asubuhi sina nguvu ya kuliuliza tena vile vile. Mama alikuwa na huzuni isiyo na pa kuanzia. Mtu akamwonyesha: maji kwanza, kisha kichwa, kisha upande wa kulia.

Mimi bado sijalia. Kutwa nilikuwa nikimimina kahawa.

Kabla ya kulala, mama aliniita nifungue kabati.

"Nguo za marehemu zitoe," alisema. "Zigawiwe."

Alilitamka neno lile polepole, kama anayeonja kitu cha moto. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake kwa ajili ya dada yangu.

Nimejaribu kulisema na mimi, peke yangu, hapa ninapoandika. Marehemu Zuhura. Limeniishia katikati.

Kesho nitajaribu tena.