Baba Mkwe na Kipindi cha Wanyama

Jumapili, 1 Juni
Misa, chakula, vyombo, kipindi cha wanyama. Ndiyo Jumapili yangu tangu nimalize darasa la saba. Msimu baada ya msimu namfuata simba mmoja, jike mwenye mguu mbovu. Nilimpa jina Kilema. Leo fisi wamemzunguka, na msimulizi anaongea kwa sauti ya padri wa mazishini. Nilibanwa na haja, nikavumilia hadi mwisho. Msimu unaisha tarehe 22. Wamesema siku hiyo tutajua kama amepona au amekufa. Mvua inyeshe, jua liwake, lazima nione.

Jumatano, 4 Juni
Deo, mume wangu, ametoka Nyamahanga na baba yake nyuma ya pikipiki. Upepo umeezua paa la mzee. Atakaa kwetu hapa Kasulo hadi liezekwe upya. Kwa desturi yetu mkaza mwana na baba mkwe hawakai chumba kimoja wala hawazungumzi ana kwa ana. Salamu tu, tena kwa mbali, nimegeuza uso. Mengine yanapitia kwa mtu wa tatu. Karibu sana, baba. Sina neno.

Jumapili, 8 Juni
Kumbe ninalo. Nimemaliza vyombo, nikamkuta mzee sebuleni. Kwenye kiti changu. Mbele ya televisheni niliyoinunua mwenyewe kabla ya kuolewa. Anamtazama simba wangu!

Nikarudi jikoni kumenya ndizi na kusikiliza ngurumo. Sikujua nani anamla nani. Nimekata kidole. Jioni nimemlalamikia Deo, naye akasema mgeni siku mbili. Nikamkumbusha kwamba siku ya tatu imeshapita, na methali yenyewe inataka apewe jembe. Akawasha pikipiki akaenda kutafuta abiria. Mwoga yule.

Jumapili, 15 Juni
Nimejiaibisha. Nilipanda juu ya ndoo nje ya dirisha la sebule nichungulie. Kilema kalala, fisi wanasogea, nami nikasogea nao. Ndoo ikapinduka. Nimeangukia maharage niliyoanika, pamoja na kuku aliyekuwa akiyaiba.

Mzee akatoka mbio. Alipotambua ni mimi akageukia ukuta haraka, kama mtu aliyekuta watu wanaoga. Kuninyanyua hawezi. Kunisemesha hawezi. Akabaki kuuambia ukuta, "Jamani majirani! Kuna mtu ameanguka! Simtaji!" Majirani wote wamekuja, hata wasio na kazi ya kuja. Goti limevimba. Mwisho wa kipindi sikuuona. Namchukia mzee huyu, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 16 Juni
Nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua mchanga kwenye maharage. Mzee akaja upande wa pili wa kona, akakohoa, akaanza kumsemesha paka wetu. Kwa sauti ya kufika sokoni, na kwa ulimi wake unaogeuza kila 'l' kuwa 'r'.

"Wewe paka, niurizie huko. Yure simba jana arirara au arikufa? Mimi macho yangu yana ukungu, naona vivuri tu. Na yure bwana wa terevisheni, Kiswahiri chake kinakimbia."

Nilichemka. Amekalia kiti changu wiki mbili na hata haoni! Halafu nikaanza kucheka, nikacheka hadi goti likauma. Nikamjibu paka kwamba sijui, wakati ule nilikuwa chini. Kisha mzee: "Paka, mwambie pore." Akaongeza kwamba tangu mama mkwe afariki nyumba ya Nyamahanga haina sauti ya mtu, na hapa angalau anasikia watu wakiongea.

Jumamosi, 21 Juni
Nimetundika kitenge katikati ya sebule. Mzee upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, televisheni mbele yetu sote. Deo kauliza kama desturi inaruhusu. Nimemwambia akamuulize paka.

Jumapili, 22 Juni
Fisi hawakuja. Nilimsimulia paka kila kitu, polepole, na mzee akauliza kupitia kwa paka. Kilema amekunywa maji. Amejilaza kwenye nyasi. Wanawe wamekaa mbali kidogo, wanamtazama. Msimulizi akanyamaza.

"Paka, bado anahema?"

Nikasema amelala.

"Paka, hiyo sauti imebadirika. Mwambie binti yangu asirie peke yake. Na mimi nipo."

Nikatazama chini, nikatazama chini ya kiti. Paka hayupo. Alishatoka, sijui saa ngapi.

Nikajibu, "Sawa, baba."