Ndege wa Jezi ya Rajabu

Koboko, Jumapili, baada ya swala ya alasiri.

Jua limepungua ukali na upepo unatoka upande wa Sudan, upepo mwepesi wenye harufu ya majani yaliyochomwa. Mimi nimekaa barazani lakini moyo wangu hauko hapa. Nafikiri uko ndani ya basi, saa hii umeshapita Arua zamani, unaelekea Kampala.

Naandika polepole. Shule sikukaa sana. Herufi nilijifunza kwa sindano, kwenye kambi ya jeshi, nilipokuwa fundi wa kushona majina ya askari vifuani. Akija mtu mwenye jina refu nilifurahi, maana nilipata herufi mpya. Walimu wa hapa wasinicheke. A zao waliandika kwa chaki, zikafutwa. A zangu zilikwenda vitani.

Basi. Yasini ameitwa timu ya taifa.

Yasini ni mtoto wa ndugu yangu Rajabu. Rajabu mwenyewe alikuwa winga wa kushoto wa timu ya taifa, zamani ile ya serikali ya wanajeshi. Likizo moja alikuja na jezi yake nyekundu, kifuani iko na korongo wa taifa wa kitambaa, amekatwa kwa umbo lake na kushonewa juu, yule mwenye taji, anayesimama huku mguu mmoja ameuinua. Beki fulani alikuwa amemvuta mpaka mguu wa ndege ukaachia. Nilimshonea mimi. Uzi mweusi haukuwepo, nikatia uzi wa kijani wa jeshi.

"Sasa ndege wako ni askari," nikamwambia.

"Basi apige saluti," akasema Rajabu, akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo nikisema mimi nimeshona jezi ya taifa, sisemi uongo. Mguu ni jezi pia.

Halafu serikali ile ikaanguka, na sisi watu wa huku tukaonekana wote ni jeshi lake, hata bibi zetu. Tukakimbilia Sudan. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Rajabu alicheza mpira kila Ijumaa kwenye vumbi, na jezi ile ile. Mkewe, Mama Yasini, aliifua na kuianika upande wa nje, ndege anatazama jua. Nikagombana naye miaka yote.

"Shemeji, geuza hiyo jezi! Jua inakula rangi."

"Wacha ikule. Jua iko ya Mungu, haiko yako."

Fundi mzima, nadharauliwa mbele ya watoto.

Rajabu alikufa kule kule, homa ilimchukua. Tukamzika kule. Ulipofika wakati wa kurudi nyumbani, kabla ya daraja la mto Kaya, mpakani, watu walisema mbele barabarani askari wanafungua mizigo na kutafuta vitu vya jeshi la zamani. Mama Yasini akaniwekea jezi mikononi. "Toa huyo ndege. Uzi wako wa kijani itatuua." Mvua ilikuwa inanyesha. Nikatoa wembe, nikamfumua haraka haraka, nikamtupa mtoni. Alikwenda na maji kifudifudi, kisha akageuka, mguu bado juu. Jezi ikakunjwa, ikalala chini kabisa ndani ya sanduku la Mama Yasini mpaka wiki hii.

Nafikiri sana juu ya ndege huyu. Yuko kwenye bendera. Kila serikali imekuja na bunduki zake, imetoa picha ya mkubwa wa jana ukutani, lakini ndege ikamwacha pale pale. Sisi tulimwogopa kwa sababu ya uzi mdogo mguuni. Labda ule mguu ameuinua kwa sababu hajajua bado ni wapi anaruhusiwa kuuweka chini.

Jumatatu Yasini alikuja na jezi ya baba yake chini ya kwapa, bado imekunjwa. "Baba mkubwa," alisema, "rudisha ndege."

Akanieleza. Walipokuwa Kampala kwenye mazoezi ya kuchagua timu, mkubwa mmoja wa mpira alifariki. Wachezaji wote wakafungwa kitambaa cheusi mkononi, wakasimama kimya katikati ya uwanja. "Nilisimama na mimi," Yasini alisema. "Nikajiuliza, baba yangu naye alicheza hapa. Nani alimfungia kitambaa?"



Anataka siku ya mechi aivae jezi ya Rajabu ndani, na ile mpya juu yake. Lakini si tupu. Iwe na ndege. Tupu ni kitambaa chekundu tu, alisema, hata mwizi wa kuku anaweza kuvaa.

Nikamwambia, "Kazi ndogo. Huyo nitamshona nimefumba macho." Halafu nikaenda sokoni nikawaambia watu wote. Huo ndio ugonjwa wangu, na dawa yake sijaiona.

Macho kweli yamekaribia kufumba. La kulia lina ukungu. Sikutaka kuharibu jezi, nikaiacha kwa Mama Yasini bila kuikunjua, nikajaribu kwanza juu ya vitambaa vya kawaida. Wa kwanza alitoka kuku. Wa pili sijui. Mke wangu Hawa alimgeuza huku na huku.

"Mzee, huyu amesimama au amelalia mayai?"

Wa tatu nilimwona mzuri, nikampeleka sokoni kwa kiburi. Ismaili mwenye bucha akamshika na vidole vyake vya mafuta. "Fundi, hii iko kanga. Mutu atapika hii, hatacheza nayo mpira!"

"Wewe kata nyama, Ismaili. Sanaa huijui."

"Naijua kanga!"

Bucha nzima ikacheka. Nikarudi nyumbani nimeshika kichwa juu. Ijumaa Yasini aliuliza, nikamwambia imebaki taji tu. Ilikuwa imebaki yote. Niliogopa. Kijana atapanda basi na kitambaa kitupu, na mara ya pili baba yake atapita Kampala bila mtu kumtambua. Na sababu itakuwa mdomo wangu.

Nikaota korongo anatembea kwenye maji ya Kaya, anainama, anainuka, anatafuta uzi wake. Nilimwita. Hakunitazama.

Jana asubuhi Mama Yasini aliifua jezi, mtoto asisafiri na harufu ya sanduku. Mimi natoka nyumbani, naona nini? Imeanikwa upande wa nje! Miaka yote hiyo, na bado! Nikachukua fimbo nikavuka uwanja.

"Shemeji! Hata leo?"

Nikafika kwenye kamba. Nikaishusha fimbo.

Jezi ilikuwa imepauka yote, imekuwa kama vumbi la njia ya Kuluba wakati wa kiangazi. Lakini kifuani, pale alipokuwa amesimama ndege, wekundu ulikuwa mbichi, wekundu wa siku ile ya likizo. Na ulikuwa na shingo. Ulikuwa na taji. Ulikuwa na mguu mmoja juu, na kwenye mguu nyuzi fupi za kijani zimebaki zimeng'ang'ania, maana uzi ule niliushona mimi, lazima niseme. Siku ya kumfumua kulikuwa na mvua na woga, hakuna aliyetazama alichoacha nyuma. Jua la Sudan lilikuwa limekula jezi nzima miaka yote ile, isipokuwa yeye. Pale alipokaa, alipafunika mwenyewe.

Na mimi miaka yote napiga kelele kwamba jua linaharibu.

Mama Yasini akaja, mikono bado ina povu. "Shemeji, umepoteza nini hapo?"

Nikamwonyesha kwa fimbo. Akatazama. Akapeleka kidole karibu na taji bila kuligusa, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Kumbe iko," akasema. "Siku zote iko."

Sindano ilikuwa kwenye kofia yangu na uzi wake. Nikafikiri nifuate ukingo kidogo, mshono mwembamba tu, watu waone pia mkono wa fundi. Nikaanza kuitoa.

"Shemeji, usiguse."

Nikairudisha kwenye kofia. Hawa alikuwa mlangoni, aliona. Anasema tangu nimwoe hajaona jambo kama hilo.

Leo asubuhi tulimsindikiza Yasini kwenye basi. Ismaili naye alikuja, na wale wa bucha, kuona kanga. Yasini akaikunjua jezi, akaishika kifuani, jua likaipiga. Hakuna aliyecheka. Ismaili alivua kofia yake.

"Baba mkubwa," Yasini alisema, "umemshonaje hivi?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Naapa, yalikuwa matamu. Soko zima lingeongea mwaka mzima.

"Si mimi," nikasema. "Mama yako. Yeye na jua."

Mama Yasini akatazama chini, akajifunga leso yake upya ingawa haikulegea. "Mguu ni wake," akamwambia mwanawe. "Fundi ni yeye, kwa mguu."

Yasini akaivaa pale pale, akafunga shati juu yake mpaka kifungo cha shingo. Basi likaondoka.

Sasa nimekaa hapa. Siku ya mechi nitafungua redio mapema. Mtangazaji atasema jina moja, Yasini, na mimi nitasikia mawili. Watu wa uwanjani wataona ndege mpya juu ya jezi mpya. Yule mwingine atakuwa ndani, anakunywa jasho la mtoto wake. Je, ataweka mguu chini, hata mara moja?

Hawa amefua shati langu la kijani, analigeuza kabla ya kulianika, kama nilivyomfundisha. Nimemwambia alirudishe upande wa nje. Kesho nataka nione jua litaandika nini juu yangu.