Julai Haina Timpsila

Jumamosi, 20 Julai

Nimefika nyumbani saa tisa mchana. Bibi amepungua hadi nikamtafuta kwenye blanketi kabla ya kumwona. Hajala tangu Jumatano. Mama anasema daktari alikuja, akasema ni umri, akaondoka.

Bibi alinishika kidole gumba.

"Marlys. Umekuja kuchimba?"

Ndiyo, Bibi. Kesho.

"Maua bado ya buluu?"

Nikasema bado.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hapana — najua. Anadhani tuko Juni, mwezi wa kuchimba timpsila, mizizi yetu ya chakula. Juni yenyewe alinipigia simu: njoo nikuonyeshe timpsila zetu zilipo, mwakani miguu yangu haitafika. Nikamjibu nina kazi maabara chuoni, wiki mbili tu. Zikawa sita. Wiki sita za kupima mizizi ya mimea ambayo hakuna mtu aliyewahi kuililia.

Kwetu Walakota, wenyeji wa asili wa nyanda za Marekani, mahali pa timpsila hapaelezwi kwa mdomo. Mwanamke humtembeza binti yake, basi. Mama hakutembezwa, umri wake wa kutembezwa uliishia shule ya bweni ya serikali, walikompeleka kwa nguvu. Nilibaki mimi. Najua mlima. Sijui mahali.

Bibi amesema atakula timpsila tu.

Jumapili, 21 Julai

Verdell amenipeleka kwa pikapu yake. Ni mume wa dada yangu wa upande wa baba, na kwetu shemeji ana haki ya kukutania hata msibani.

"Shemeji msomi," akasema, "chuoni hawakukwambia kwamba mizizi haisubiri mitihani?"

Na wewe ulikuwa wapi Juni?

"Mimi mwanamume. Ningegusa mlima ule, bibi yako angenichimba mimi, akanimenya, akanisuka na kunitundika jikoni kama timpsila."

Nilicheka. Ndiyo mara ya mwisho leo.

Juni timpsila husimama wazi: majani kama vidole, shina lenye manyoya, ua la buluu. Bibi husema matawi yake humwonyesha ndugu alipo. Ukichimba moja, fuata tawi, utamkuta wa pili. Julai shina hukauka, hukatika usawa wa ardhi, na upepo hulibingirisha mbali likamwage mbegu. Mzizi hubaki chini. Juu hakuna alama yoyote. Nimewahi kuandika haya yote kwa ajili ya mwalimu, kwa sentensi nzuri, nikasifiwa.

Niliweka tumbaku kidogo ardhini, nikaomba ruhusa, nikaanza na mtaimbo. Udongo kama tofali. Mashimo ishirini na tatu. Mizizi ya nyasi. Mawe. Verdell alichimba kando yangu bila utani, na hilo lilinitisha.

Kisha tukafika kwenye uzio wa seng'enge. Yamelundikana hapo, mashina makavu, mamia, mepesi kama nywele kwenye kitana. Kila moja limeacha mzizi mahali fulani mlimani. Nilikuwa nakanyaga chakula cha bibi yangu siku nzima.

Jumatatu, 22 Julai

Nimekwenda tena peke yangu. Hakuna.

Bibi aliuliza. Nikasema udongo ni mgumu. Hilo angalau ni kweli.

Jumanne, 23 Julai

Mama amepata msuko mzima wa timpsila kavu kwa mwanamke mmoja anayesali naye. Akasema pika, bibi yako hatajua.

Nikapika kama Bibi apikavyo, na utumbo na mahindi makavu. Nyumba ikajaa harufu ile ya ardhi tamu. Nilikumbuka alivyonipa kipande nitafune kila nilipoumwa koo. Mama anasema hata uji wangu wa kwanza ulikuwa wa unga wa timpsila. Nikaanza kuamini kwamba atakula. Nikachota bakuli.

Bibi akasema, "Nileteeni msuko kwanza."

Mama akanitazama. Nikaleta.

Aliupitisha vidoleni, mzizi kwa mzizi, kama anayesali rozari. Muda mrefu. Familia yetu husuka kwa kuanza na kubwa juu na kumalizia na ndogo. Huu ulikuwa umechanganyika.

"Mshukuruni sana aliyesuka," akasema.

Akanywa vijiko viwili kwa adabu tu. Kisha akafunga mdomo. Nikamwita, Bibi, tafadhali. Akanipapasa shavu kama mimi ndiye mgonjwa.

Jioni akasema: kesho mnipeleke.

Mama: "Hutaweza, Mama."

"Sikuuliza kama nitaweza, Leona."

Ningemwambia usiku huu kwamba maua yalikwisha. Nilikaa pembeni ya kitanda na maneno mdomoni. Nikamfunika miguu, nikatoka.

Jumatano, 24 Julai

Nimerudi kwenye pikapu, si mbali na walipo, kuchukua maji. Naandika juu ya goti, sitakawia.

Verdell alimbeba hadi juu. "Bibi, wewe mwepesi, nitakuoa," akamwambia, na Bibi akamjibu kwamba ameshazika mume mvivu mmoja, anatosha. Mama akacheka. Kwa dakika moja nilidhani siku itakuwa njema.

Tukamweka kwenye kiti. Akatazama. Nyasi za njano hadi upeoni. Hakuna ua hata moja. Sikuweza kumtazama usoni, nikawa natazama viatu vyake vya ngozi.

"Tarehe ngapi?" akauliza.

Nikasema, ishirini na nne, Bibi. Julai. Nilikudanganya.

Hakunigombeza. Natamani angenigombeza. Upepo ukimchezea skafu, akateremka kwenye kiti mwenyewe, taratibu, akapiga magoti. Akaanza kupapasa ardhi kwa viganja. Anasogea, anapapasa, anasogea. Ameomba mtaimbo. Amepiga mara mbili, chuma hakikuingia hata kidole. Akasogea tena.

Sasa hivi yuko mteremkoni, hatua kumi kutoka kwenye kiti. Kutoka hapa naona mgongo wake tu na nyayo za viatu. Mama anasema tumrudishe, atafia hapa. Verdell anasema mwacheni, ni mlima wake. Wote wawili wananitazama mimi niamue.

Bibi hajageuka. Ameunyoosha mtaimbo nyuma yake, upande wangu, niupokee, na ananiita kwa jina.