Tonge la Pili

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, mama. Huku Mnyambe wote wazima. Mikorosho imeanza kutoa maua, na mama yako amerudi salama kutoka Masasi. Barua yako niliisoma kwa sauti. Mjomba wako aliposikia kwamba huko Japani umekula sushi, samaki mbichi juu ya tonge la wali, akatoka nje kutema mate. Mimi nilicheka.

Unauliza kama ningekuwa mimi ningekula. Ningekula.

Nilipokuwa msichana, mwalimu mgeni kutoka Bukoba alialikwa kwetu. Shida za mwaka ule tuziache. Kitoweo kilikuwa panya wa shambani, wale tunaowaita samaki nchanga, na mama aliwakausha vizuri akawaunga kwa karanga. Tulijua kwao hawaliwi. Mama akakaa mkekani, macho kwenye mkono wa mgeni. Mwalimu akanawa, akamega ugali, akaonja kidogo. Kuonja ni adabu tu, na mama alilijua hilo, akazidi kuutazama ule mkono. Kisha mwalimu akarudisha mkono bakulini, akachagua kipande kikubwa. Mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga.

Unasema yule mzee mpishi wa sushi hatabasamu. Anaweka tonge moja mbele yako, anasubiri. Lakini umeandika pia kwamba lile la ngisi lilikuwa tamu, ukaomba jingine.

Basi uso wake nauona kutoka hapa.

Bibi yako