Mwanangu Anamwambia Nini Mshauri wa Chuo?

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni mimi nimekuzidi basi marahaba, nisaidie maana kichwa changu hakitulii. Mimi ni fundi cherehani, mjane, nina mtoto mmoja wa kiume, anasoma chuo na analala nyumbani, na tangu baba yake afariki mwaka jana akawa haongei, chakula anakigusagusa tu, nikimuuliza ananijibu, "Niko sawa, mama," nami naacha, maana marehemu mwenyewe hatumtaji, nikimtaja nalia, kwa hiyo niliamua tusimtaje. Sasa juzijuzi nilipeleka chuoni makoti ya maabara niliyoshona, nikamwona anatoka kwenye chumba kilichoandikwa Ushauri kwa Wanafunzi, anafuta macho, hakuniona. Nikabisha hodi. Nikamkuta mama mmoja mpole, nikamwambia, "Mwanangu ametoka humu sasa hivi, amekwambia nini?" Akanipa kiti, akasema, "Mama, siwezi kukwambia nani anakuja hapa na nani haji." Nikamwambia, "Lakini nimemwona kwa macho yangu." Akasema, "Macho yako siyabishii, ila mimi sina la kusema." Nikamwambia huyu nimemzaa mimi na ada nalipa mimi, akanimiminia maji ya kunywa, basi. Nikirudi nyumbani namwona kijana ameanza kula, majuzi alicheka mbele ya televisheni mpaka nikaacha kushona nimtazame, na badala ya kufurahi nawaza, anamwambia nini yule mama ambacho mimi siwezi kuambiwa? Ananisema? Anaumwa? Mdogo wangu anasema nipekue simu yake akiwa anaoga, na namba ya siri naijua. Nifanye hivyo?

Fundi wa makoti

Fundi wa makoti, marahaba, na pole sana kwa kufiwa.

Simu usiiguse. Mdogo wako mwambie apekue za nyumbani kwake.

Hebu nikuulize, yule mshauri angekumwagia kila kitu siku ile, ungekaa nacho kimya? Ungefika nyumbani ukaanza kumhoji kijana kabla hujavua viatu, na kile chumba asingekanyaga tena. Wanafunzi wanaingia mle kwa sababu maneno hayatoki. Alivyokukatalia wewe, ndivyo atakavyomkatalia mwalimu, mchumba na mambea wote wa chuo. Maisha ya mtu yakiwa hatarini ndipo wenzetu hawa huita ndugu, na wewe hujaitwa.

Anamwambia nini? Sijui, na sitabahatisha. Ninachokiona ni kwamba nyumba yenu ina wafiwa wawili na marehemu hatajwi. Kijana ametafuta mahali pa kusemea. Wewe umetafuta wapi?

Sasa nisikilize. Siku usiyo na kazi ya watu, kaa na mwanao mezani, umwambie ulimwona pale chuoni na kwamba ulibisha hodi, asije akalisikia kwa mwingine. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Kisha usimuulize swali hata moja. Msimulie baba yake, lolote linalokujia, na ukilia, lia. Ni mtu mzima, atavumilia. Akinyamaza, siku nyingine msimulie tena.

Halafu rudi kwa yule mama mpole, umuulize ni wapi mjane anaweza kwenda kuongea. Hilo atakujibu.