Nimewapelekea Wavuta Sigara Kifungu cha Heshima

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya wiki nzima imetuachilia, jua la Meru limetoka, na mimi nimetoka nalo.

Mikono yangu bado inanuka majani ya ndizi. Leo nimefanya kitu ambacho mama yangu akisikia atashika kichwa.

Wacha nianze pole pole. Kendi wangu ana miaka saba na ana pumu. Tunaishi chumba kimoja, na ukifungua mlango unakutana na malori. Mahali pa kucheza ni pale tu kwenye bustani ya mji, penye bembea mbili. Daktari aliniambia mtoto achezecheze, kifua kipate nguvu. Lakini benchi iliyo karibu na bembea ni ya wazee wa miraa. Kila Jumapili wanakaa hapo kutafuna, na mtu akitafuna anataka sigara, moja ikizima nyingine inawaka. Kibao kipo, kimeandikwa usivute sigara hapa. Wanakitundikia makoti.

Jumapili iliyopita Kendi alishuka kwenye bembea ameshika kifua, kinapiga filimbi. Nilimpulizia ile pampu yake, nikambeba mgongoni mpaka nyumbani. Wiki yote ananiuliza tutarudi lini, na mimi namdanganya ati bembea imekatika.

"Zote mbili, mami?"

Mtoto hajakosea mtu, na mimi ndiye nimemfungia ndani.

Nilimuuliza mlinzi wa geti la bustani kwa nini hawafukuzi. Akaniambia, "Mama, wale ni wazee. Nitawaanzia wapi?"

Sasa Ijumaa ndugu yangu alipita kwangu akitoka Kianjai, analima miraa huko. Nikakumbuka ncoolo. Sisi Wameru ukitaka kuomba kitu kizito, kama kuomba msichana ama kumaliza ugomvi, unapeleka ncoolo, kifungu cha miraa safi kilichofungwa kwa majani ya ndizi. Wenyewe wakikila, wamekubali. Hakuna kugeuka.

Lakini hiyo ni kazi ya wanaume. Mwanamke habebi ncoolo. Ndugu yangu alicheka sana, halafu akaona mimi sicheki. Jana akanitumia.

Najua mtasema, huyu mama anakataa moshi na anagawa miraa? Hata mimi nimejiuliza. Miraa siipendi. Lakini miraa ya mtu inabaki kwa mdomo wake. Moshi wake unaingia kifuani mwa Kendi.

Basi leo nikamwacha Kendi getini na mlinzi, nikaenda.

Walipoona majani ya ndizi, benchi yote ililipuka kwa kicheko.

"Mama Kendi, umekuja kuniposa? Bibi yangu umemwambia?"

"Mwache huyo, ni wa hasara. Chukua Mutuma, huyo hali sana."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Mzee Mutuma, ambaye ndiye mkubwa wao, hakucheka. Aliangalia kile kifungu, akatoa kofia.

"Nyamazeni. Hii si ya mchezo. Mama, sema unaomba nini."

Nikasema, na sauti inatetemeka kama ya mbuzi. "Wazee wangu, sikatazi mtu sigara yake. Naomba mkivuta mtoke nje ya geti. Kaeni hapa, tafuneni hapa, lakini moshi uende nje. Mtoto wangu yule pale anataka kubembea."

Wote wakageuka wakamwona. Kendi akawapungia mkono, hajui chochote.

Mzee Mutuma akafungua, akachomoa mti mmoja wa miraa, akatafuna. Wa pili akachukua. Wa tatu akanung'unika, "Kumbe tumeolewa kweli," lakini akachukua.

Ikabaki Bakari. Bakari ni wa bucha, ndiye huniuzia matumbo, na ndiye anavuta kuwashinda wote. Akachukua mti wake, akauangalia, akaurudisha kwenye majani.

"Mama Kendi, mimi nikila hii nitakuwa mwongo. Sigara ikinishika sitakumbuka mambo ya geti. Leo nitatoka, kwa sababu ya huyo mtoto. Ya Jumapili ijayo sijui."

Iliniuma. Wenzake walimpigia kelele, ati anawaaibisha. Lakini nimetembea na hayo maneno mpaka nyumbani, na naona Bakari ndiye ameniheshimu kuliko wote. Anajua kula ncoolo ni nini. Angeweza kutafuna tu na kunidanganya.

Walipotoka kuvuta, kila mtu alichukua koti lake. Kibao kikabaki wazi. Kendi alikisoma kwa sauti akibembea, neno moja kila akienda juu. Kifua hakikulia hata kidogo.

Sasa amelala, miguu ina vumbi na sijamwosha. Wacha alale hivyo.

Mimi nawaza Bakari. Sigara ya mtu mmoja inatosha kutufungia ndani tena. Kama wote wamekubali na yeye bado, bado sijamaliza.

Miraa haikai. Ule mti wake kufikia Jumanne utakuwa takataka. Jumapili nitampelekea mwingine mbichi, nimkute kwenye benchi, mbele ya wenzake, nimwombe tena. Akikataa, Jumapili ile nyingine nitakuja na mwingine.

Ndugu yangu ana shamba zima.