Sornam, wa Thelathini na Tisa

Karumpatti, 18 Februari

Kathiravan,

Mimi mzima. Mgongo unauma kama kawaida. Wewe huko Madurai najua u mzima, maana mwizi haugui.

Jana tumemaliza siku kumi na sita za mama yako. Umeondoka kunguru hajagusa wali wa marehemu. Mwana gani anaondoka kunguru hajala, yaani mama yake hajala? Nimerudi ndani, ukutani umebaki msumari. Picha yake iko wapi? Ni hiyo moja tu, ile ya sikukuu ya hekalu. Wali wake wa kutimiza mwaka nitauweka mbele ya msumari?

Rudisha.

Baba yako

Madurai, 25 Februari

Baba,

Nakuinamia miguuni. Pole ya mgongo, paka mafuta ya ufuta.

Picha ninayo, usipige kelele. Si unajua Kiongozi wa chama kafa siku ileile na mama? Sasa mwanawe Anbukarasu na mkwewe Durairaj wanagombea kiti cha chama. Kila mmoja anataja watu wake waliokufa kwa majonzi ya Kiongozi. Mwenye wafu wengi ndiye magazeti yanamwita mrithi. Durairaj ana thelathini na wanane. Sisi wa Anbukarasu pia. Nikamwandikisha mama. Sasa tuna thelathini na tisa, na mimi nimeahidiwa uenyekiti wa wilaya.

Tarehe 10 Machi Anbukarasu anakuja nyumbani kumvika mama shada. Wewe sema tu: "Alisikia redioni, akaanguka." Picha utapewa hapohapo.

Mwanao

Karumpatti, 1 Machi

Kathiravan,

Mgongo wangu uache.

Redio ipi? Tumewahi kuwa na redio? Bango la Kiongozi wenu mama yako alifunikia samadi ya kuwashia moto isilowe.

Aliuawa na jiwe, kazini machimboni. Walilipua baruti bila kupiga firimbi, na machimbo ni ya mtu wa huyo Anbukarasu wako. Juzi nimekwenda polisi kuulizia kesi. Askari kacheka: "Kesi gani, mzee? Mwanao katia sahihi, mama kafa kwa majonzi."

Jiwe lilimuua mara moja. Wewe umerudia.

Futa hilo jina.

Baba yako

Madurai, 4 Machi

Baba, nakuinamia.

Jina halifutiki, limeshatoka gazetini. Kesi itakurudishia mama? Hawa watu hawana mchezo. Ukiharibu mbele ya kipaza sauti, hawatakugusa wewe mzee. Watanigusa mimi. Maneno matatu tu, baba. Nakuomba.

Mwanao

Karumpatti, 13 Machi

Kathiravan,

Afya yako sikuulizi.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa unatazama viatu vyako, basi nakusimulia. Magari kumi na mawili. Mama yako kwenye bango la kitambaa, mrefu kama mnazi, mmempaka mkufu wa dhahabu. Sornam na mkufu! Anbukarasu akanisogezea kipaza sauti: "Mzee wangu, mama alisemaje alipopata habari?"

Nikamwambia: "Mke wangu alikufa asubuhi, na jiwe. Kiongozi alikufa jioni. Basi labda Kiongozi ndiye aliyekufa kwa majonzi ya mke wangu."

Wanawake wa machimbo walicheka mpaka wakakaa chini. Tarehe mliangalia, wasomi nyie, saa hamkuangalia.

Halafu nikasema alichosema mama yako jiwe likija. Alisema, "Kimbieni!" Wanawake wawili wakakimbia, wako hai, walikuwa palepale wanacheka. Hapo mkakata kipaza sauti.

Picha hamkuacha.

Baba yako

Karumpatti, 2 Aprili

Kathiravan,

Bahasha imefika. Picha tu, neno hakuna. Kumbe mkufu mliupaka juu ya picha yenyewe, washenzi. Nimeufuta kwa kitambaa na maji, ukatoka na shingo. Uso upo.

Redio ya muuza chai inasema Durairaj kachukua kiti. Jana watu wake wamekuja na maua. Na wao wanamtaka Sornam, eti shujaa aliyeuawa na Anbukarasu. Nimewafukuza kwa nyundo ya kupasulia mawe. Mmoja kaniuliza, "Mwanao yuko wapi siku hizi?" Akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Polisi nimerudi kwa ile kesi. Wale wanawake wawili wameweka dole gumba chini ya ushahidi wao.

Kama uko hai, wali wa mwaka hutolewa na mwana. Njoo uutoe. Ila ukija na shali ya chama shingoni, kunguru atakula, wewe hutakula.

Mume wa Sornam